Safu Iliyokatwa kwa Mkasi

"Nimeshakwambia, Afande, hicho kitu hakipo."

Hiyo ilikuwa mara ya tatu asubuhi ile. Mara ya kwanza Mwenyekiti alisema hajui kama kipo. Mara ya pili kikawa kipo ila kimeharibika. Sasa hakipo kabisa. Afande alikuwa amestaafu upelelezi wa polisi miaka mitatu iliyopita, na hizi kazi za kukodiwa alizipokea kwa sababu alidhani raia wema hudanganya kwa adabu zaidi kuliko wahalifu. Alijidanganya.

"Mwenyekiti, programu yoyote ya jukwaa inaweka kumbukumbu. Nani kaingia, nani kaandika, nani kafuta. Mimi si mtaalamu, lakini hilo hata mama mkwe wangu analijua."

"Basi mlete mama mkwe wako atusaidie."

Walikuwa katika kiofisi nyuma ya karakana yake ya friji. Nje mafundi wake wawili walikuwa wanagonga kitu. Juu ya meza, chini ya taa, palikuwa na bodi ya umeme ya friji ya kisasa, skrubu zake zimepangwa kwenye kifuniko cha chupa. Kila Afande alipouliza swali, Mwenyekiti aliishika bisibisi kana kwamba kazi inamsubiri, halafu akaiweka chini bila kufanya chochote.

Jukwaa la Mafundi Friji lilikuwa na wanachama elfu kumi na moja na umri wa miaka kumi na miwili. Fundi akikwama na friji anaandika tatizo lake pale mtandaoni, wenzake wanamjibu, na mada ile inabaki kwa ajili ya atakayekwama kesho. Lakini programu iliyoliendesha ilikuwa imezeeka. Walioitengeneza walishaitelekeza, na kila wiki matapeli waliingia kuuza dawa za nguvu katikati ya maongezi ya kompresa. Ikabidi kuchagua nyingine, ya kuwafikisha miaka kumi mingine. Zikabaki mbili mezani. Moja ilikuwa nzuri, nyepesi kwenye simu, kampuni yenyewe inaitunza; mafundi wakaiita Bi Harusi. Nyingine ilikuwa na sura mbaya na ilihitaji mtu wa kuihudumia kila siku. Hiyo wakaiita Trekta. Kamati ikamchukua Bi Harusi kwa majaribio ya mwezi mmoja, mada zote za zamani zikahamishiwa kwake. Ndani ya siku tisa, mada mia nne na kumi na mbili zikatoweka.

Mtuhumiwa alikuwa mmoja tu, mtunza mitambo wa jukwaa. Ni mdogo wake mke wa Mwenyekiti, na kwa sababu hiyo wanachama wote elfu kumi na moja walimwita Shemeji.

"Aliipigania Trekta, akashindwa," Mwenyekiti alisema. "Akasema mbele ya kamati nzima, 'Mtajuta.' Siku tisa baadaye, tunajuta. Na hizo mada zote zilizopotea anazo nyumbani kwake, kwenye mashine yake. Unataka nini zaidi?"

"Nataka kumbukumbu ya waliofuta."

"Afande!"

"Haya. Nimesikia. Haipo."

Mkutano wa kumfukuza Shemeji ulikuwa saa kumi jioni ya siku ile ile. Akifukuzwa kwa hujuma, jina lake linabandikwa ukurasa wa mbele wa jukwaa, na fundi aliyebandikwa pale hapewi kazi na mtu. Mwenyekiti alitaka jambo limalizwe kimyakimya. Wanachama ndio waliopiga kelele kwamba aletwe mpelelezi kwanza, na Mwenyekiti hakuacha kumkumbusha Afande kwamba si yeye aliyemwita.

Alichompa ni karatasi kumi na nne alizozichapisha mwenyewe: kichwa cha kila mada iliyopotea, siku ilipoandikwa, siku ilipofutwa, na saa. Majina hakuna. Afande alizitia kwenye faili la plastiki, zikawa zinacheza humo ndani, hazijai upana wake. Akatoka anasonya.

Shemeji alikaa ghorofa ya tatu, chumba na sebule, na sebule yote ilikuwa ya mashine. Seva ya zamani ilinguruma pembeni ya kochi, ikipozwa na feni aliyoing'oa kwenye friji ya duka. Alikuwa mwembamba, shati limepigwa pasi vizuri, macho ya mtu asiyelala. Alimkaribisha Afande maji, akasahau kuyaleta.

"Mada zilizopotea unazo?"

"Ninazo. Nina kila kilichoandikwa miaka kumi na miwili. Ni nakala za akiba, Afande, ndiyo kazi yangu."

"Mwenyekiti anasema ndio ushahidi kwamba umeiba."

"Mwizi gani anaacha mlango wazi namna hii? Mmeuliza, nimeonyesha."

"Sasa nani alifuta?"

"Sijui."

"Kuna kumbukumbu ya waliofuta?"

"Nimenyang'anywa nywila ya usimamizi. Muulize aliye nayo."

"Nimemuuliza. Anasema haipo."

Shemeji aliitazama feni. "Basi kama amesema haipo..."

"Ala! Nyinyi wawili mna nini?" Afande alipiga paja lake. "Mwenzako anakuchimbia kaburi, na wewe unamshikia taa!"

"Yule ni mume wa dada yangu."

"Najua. Na dada yako anasemaje?"

"Hapokei simu yangu. Leo siku ya sita." Alisema hivyo polepole, na ilionekana wazi kwamba hilo lilimuuma kuliko mkutano.

Afande akalegeza sauti, akabadilisha njia. Akamwuliza kwa nini aliipenda Trekta, yenye sura mbaya vile. Kwa mara ya kwanza Shemeji alichangamka. Alitoa daftari lenye kurasa nyingi za hesabu na michoro, kurasa ambazo kamati haikuzisoma.

"Wote waliangalia rangi. Waliangalia itakavyopendeza wiki mbili za mwanzo. Mimi nilijiuliza, baada ya miaka kumi nani atakuwa bado anauliza? Jukwaa halifi kwa kukosa wa kujibu, Afande. Wa kujibu wako tele, wanapenda sifa. Linakufa siku watu wanapoacha kuuliza."

"Na Bi Harusi anawazuiaje kuuliza?"

Shemeji alilifunga daftari. Akalirudisha mahali pake.

"Andika ni hitilafu ya programu. Nitakubali."

"Hitilafu haichagui saa za mapumziko." Afande aliigonga orodha kwa kidole. "Angalia. Mada nyingi zinafutwa saa saba mchana na saa kumi na mbili jioni, watu wanapokuwa wamekaa na simu zao. Usiku wa manane hakuna hata moja. Na wewe ulikuwa na nywila zote. Ungetaka kuharibu, ungezimaliza kwa dakika tano. Hapa kuna mtu kafuta moja Jumanne, mwingine mbili Alhamisi. Hujuma ya kudonoadonoa? Mimi sijawahi kuiona."

"Basi si umeshaona kwamba si mimi?"

"Kujua kwangu hakukusaidii saa kumi. Nipe jina."

"Sina jina, Afande. Nisamehe."

Afande alishuka ngazi akiwa amewaka kwa hasira. Katika miaka yake yote ya kazi alishabembeleza watu wasiseme uongo. Kumbembeleza mtu ajiokoe mwenyewe, hilo lilikuwa jipya, na hakulipenda hata kidogo.

Akabaki na mlango mmoja. Mtu wa kwanza kulalamika kwamba mada zinapotea alikuwa fundi mmoja wa kike aliyejulikana kama Mama Gesi, kwa sababu hakuna aliyemshinda kwa kujaza gesi. Alimkuta amelala chali nyuma ya friji ya vinywaji, miguu tu ndiyo inayoonekana.

"Sogeza hiyo ndoo, dada, ukae," miguu ilisema. "Wewe ndiye Afande? Umemkamata?"

"Sijamkamata mtu. Mada zako zilizopotea ni zipi?"

Mama Gesi alijivuta nje, akajifuta mikono kwenye ovaroli. "Zangu? Zangu hazikupotea. Zangu nilizifuta mwenyewe. Zilizopotea ni zile za wenzangu nilizokuwa nazitegemea."

Afande alikuwa anataka kukaa. Hakukaa. "Ulizifuta mwenyewe?"

"Tatu tu. Kila fundi hufuta. Unauliza, unajibiwa, friji inawaka, unafuta swali lako. Majibu ya wenzako yanabaki pale, swali lako halionekani. Sasa mteja akijua nimeuliza, atanilipa nini?"

"Siku zote mnafanya hivyo?"

"Tangu jukwaa lianze! Na alipokuja huyu Bi Harusi ndiyo balaa. Ukifungua ukurasa wangu, chini ya picha yangu ameniandikia: maswali aliyouliza. Yote! Kuna bwana mmoja kaleta friji yake hapa, kashika simu ananisomea. 'Mama, kumbe mwaka juzi ulikuwa hujui kupima relei ya kuwasha kompresa.' Akaondoka nayo. Ningefanyaje? Nikafuta hata yale ya zamani niliyokuwa nimeyasahau."

"Hebu nionyeshe unavyofuta."

Wakafanya jaribio. Mama Gesi aliandika swali kuhusu friji iliyokuwa mbele yao, ile inayopoza juu na kuacha chini. Wakasubiri. Robo saa haikupita, fundi mmoja asiyemjua akajibu, aya tatu ndefu, na mchoro kauchora kwa mkono. Mama Gesi alisoma, akatikisa kichwa kwa heshima. "Huyu anajua." Kisha akabonyeza kufuta swali lake.

Swali likatoweka. Na aya tatu. Na mchoro.

Mama Gesi aliitikisa simu, akaufungua ukurasa upya, akaitikisa tena. "Na majibu ya watu?"

"Yamekwenda. Kwa programu ya zamani, ukifuta swali majibu yanabaki. Kwa Bi Harusi, ukifuta kichwa, kiwiliwili chote kinakwenda nacho."

"Jamani." Mama Gesi akakaa mwenyewe kwenye ndoo. "Kwa hiyo mwizi ni mimi? Nimekuja kulalamika, kumbe mwizi ni mimi?"

"Wewe na wenzako kama mia moja hivi. Kila mmoja kafuta chake, akidhani kinakwenda chake tu." Afande alikuwa ameshazitoa karatasi na kuzitandaza sakafuni. Alihesabu kwa kalamu. Nyingi zilikuwa mojamoja na mbilimbili, zimetawanyika siku zote tisa. Lakini siku ya kwanza kabisa ya majaribio, kati ya saa kumi na mbili kasorobo na saa kumi na mbili na robo alfajiri, mada sitini na moja zilifutwa mfululizo. Zote zilihusu bodi za umeme za friji za kisasa.

"Hizi zilikuwa za nani?"

Mama Gesi alizisoma akaguna. "Hizi za Mgeni. Alijiita hivyo tu, Mgeni. Miaka minne anauliza bodi. Hajibu la mtu, anauliza tu. Lakini maswali yake, dada! Bodi nimezijulia kwenye maswali yake. Shemeji ndiye aliyekuwa anamjibu, mchana, jioni, hachoki."

"Mgeni ni nani?"

"Nani ajue? Ila Bi Harusi alifuata namba za simu tulizojiandikishia. Mwenye akaunti mbili kwa namba moja, zikaunganishwa kuwa moja kwa jina lake halisi. Kuna watu waliumbuka."

Kwa hiyo mtu mmoja aliamka alfajiri akakuta maswali yake sitini na moja chini ya picha yake mwenyewe. Afande akaiokota karatasi ya kwanza, na hapo Mama Gesi akauliza kitu ambacho yeye alipaswa kukiona tangu asubuhi.

"Mbona karatasi zako fupi kwa pembeni?"

Afande aliweka moja juu ya karatasi ya kawaida kutoka kwenye kishikizo cha risiti. Ilipungua vidole viwili upande wa kulia. Ukingo ulikwenda mshazari kidogo, na mistari ya jedwali ilifika mwisho bila kufungwa. Safu ya tano ilikuwepo. Mtu aliikata kwa mkasi, karatasi kumi na nne, moja baada ya nyingine.

Afande alijitukana kimoyomoyo, tusi zito, kisha akamshukuru Mama Gesi kwa sauti.

Mwenyekiti alikuwa pale pale, na bodi ile ile chini ya taa, skrubu zile zile kwenye kifuniko. Afande hakuketi. Alimwekea karatasi mbili mezani, fupi juu ya ndefu.

"Safu ya tano ilikuwa na majina ya waliofuta. Uliikata."

Mwenyekiti hakugusa bisibisi safari hii.

"Hiyo bodi iko hapo tangu saa tatu asubuhi," Afande akasema. "Siku hizi huna wa kumuuliza, siyo? Umemfungia nje mwenyewe."

Nje mafundi waliendelea kugonga.

"Mimi nimefundisha nusu ya mafundi wa jukwaa hili," Mwenyekiti alisema hatimaye. "Wakati huo friji ilikuwa kompresa, gesi na relei. Halafu zikaja bodi. Nina miaka hamsini na minane. Ningemuuliza nani? Wanafunzi wangu?"

"Ukamtuma Mgeni akuulizie."

"Nilifuta nikidhani nafuta maswali yangu tu. Majibu yalipokwenda nayo, nikaogopa. Watu wakaanza kuuliza nani. Shemeji alikuwa ameshasema mtajuta... jina lake ndilo lililokuwa midomoni mwa watu. Sikuanza mimi."

"Lakini hukuwazuia."

"Hapana."

"Na yeye alijua?"

Swali hilo lilimgonga vibaya. Ilikuwa dhahiri hakuwahi kujiuliza. "Hawezi kujua. Nilikuwa Mgeni."

"Alikuwa mtunza mitambo! Namba yako alikuwa anaiona miaka yote minne. Amekujibu mara sitini na moja akijua anamjibu nani, na leo asubuhi nimemkaba koo akakataa kukutaja. Umemfukuzisha kwenye kazi, umemgombanisha na dada yake, na bado anakuficha. Mimi nimechoka na nyinyi, Mwenyekiti. Nimechoka kabisa."

Mwenyekiti aliweka mikono usoni. Aliposema, sauti ilikuwa ndogo. "Andika ni hitilafu ya programu."

"Naye kaniambia hivyo hivyo. Mmepatana bila kuonana."

Ripoti aliiandika kwa mkono kwenye kibaraza cha ukumbi wa mkutano, kurasa mbili. Hakuna mwizi. Wanachama walifuta maswali yao wenyewe kwa haya, kama walivyozoea, na programu mpya ikafuta na majibu. Mtunza mitambo hakufuta hata mada moja. Akaongeza ushauri ambao hakuombwa: wachukue programu inayomruhusu mtu kuuliza bila jina lake kuonekana, na kuacha majibu hata mwenye swali akiondoka. Kwa kadiri alivyoelewa daftari la Shemeji, hiyo ilikuwa Trekta. Jina la aliyefuta sitini na moja hakuliandika. Kwa kawaida yao ripoti husomwa na Mwenyekiti. Alimkabidhi mlangoni.

"Nimekuachia nafasi moja wazi," akamwambia. "Usinifanye nijute."

Ukumbi ulijaa. Kwenye meza ya mbele alikaa katibu wa jukwaa, mke wa Mwenyekiti, kalamu mkononi, macho kwenye daftari lake. Ndugu yake alikaa safu ya nyuma peke yake, viti viwili kila upande havina mtu. Mwenyekiti alisoma kwa sauti ya kukwama. Watu waliposikia walichokuwa wanakifanya wenyewe, wakaanza kutazamana, wengine wakacheka kicheko cha aibu. Mama Gesi akanyoosha mkono, "Mimi tatu!" na mwingine, "Mimi mbili," na mwingine. Kisha Mwenyekiti akafika mahali penyewe.

"Mwanachama mmoja pekee... alifuta mada sitini na moja."

"Sitini na moja!" mtu alifoka. "Hiyo si haya, hiyo ni hujuma! Mtaje jina!"

"Taja! Taja!"

Mwenyekiti akarudi juu ya ukurasa, kana kwamba jina limeandikwa huko. Afande, aliyesimama ukutani, akahisi hasira yote ya mchana ikimpanda upya, na akaanza kusogea mbele kulisema mwenyewe.

Nyuma, kiti kikakwaruza sakafu. Shemeji alikuwa amesimama.

"Ni mimi," akasema. "Zile zilikuwa zangu. Andikeni hivyo, tumalize."

Katibu aliinua uso. Alimtazama ndugu yake, halafu mumewe, na akayaacha macho hapo hapo kwa mumewe. Hakuandika.

"Kaa chini, shemeji," Mwenyekiti akasema.

"Nimesema ni mimi."

"Muongo! Kaa chini." Alivua miwani, akaiweka juu ya ripoti. "Mgeni ni mimi. Bodi siziwezi. Miaka minne nimeuliza, na huyu amenijibu. Zikaonekana kwa jina langu, nikazifuta. Kisha nikamwacha abebe lawama yangu, na nyinyi nikawaacha mumchukie. Hakuna fundi mwenye kosa hapa ila mimi."

Hakuna aliyepiga kelele. Afande alitegemea matusi, na labda yangekuja baadaye. Kilichokuja kwanza ni sauti ya mzee mmoja wa safu ya katikati, fundi mwenye mvi, aliyeonekana amekerwa na jambo tofauti kabisa.

"Kwa hiyo ile ya bodi inayowasha taa na kukataa kompresa ilikuwa yako?"

"Ilikuwa yangu."

"Irudishe basi! Nina friji ya hivyo karakanani, mwenyewe anaifuata kesho. Nimeitafuta wiki nzima."

"Na ile ya sensa ya baridi," mwingine akadakia. "Hiyo nilikuwa nafundishia."

Mwenyekiti aliwatazama, mdomo wazi. Akageukia kompyuta iliyokuwa juu ya meza, ile yenye nywila aliyoikalia siku sita, akakigusa kipanya, akakiacha. Akainua uso kuelekea nyuma ya ukumbi, na watu wote wakageuka naye.

"Mimi sijui zinarudishwaje," akasema, mbele ya wanafunzi wake wote. "Shemeji. Naomba unifundishe, zinarudishwaje?"

Shemeji akapita katikati ya viti, akafika mezani. Dada yake alikuwa ameshamvutia kiti.

"Sogea kidogo," akamwambia Mwenyekiti. "Hapana, usiondoke. Shika wewe kipanya, mimi nitakuelekeza."